Walioniita Mkosi wa Safu

Maji yaliniingia machoni, yakawasha, ndipo nikajua ni ya chumvi. Chumvi ya mawe, nyingi, imekorogwa na ndimu na majani ambayo mpaka leo siyajui. Nilikuwa nimekaa kwenye kigoda changu, kwenye baraza la duka la vitambaa hapa Kariakoo. Sanduku la vifungo liko wazi miguuni pangu, zipu zinaning'inia, nyuzi nimeshazipanga, na safu nzima hakuna aliyekuwa ameuza hata pini. Saa hiyo ilichaguliwa makusudi. Mwenyekiti wa safu yetu ndiye aliyeshika ndoo. Jirani yangu anayeuza lesi na nguo za ndani, mwanamke niliyekuwa nakula naye sahani moja, ndiye aliyenishika mikono kwa nyuma. Aliniambia sikioni, taratibu kabisa, "Tulia shoga, ni kwa faida yako."

Moyo ulianza kwenda mbio mpaka nikausikia kwenye meno. Vidole vikafa ganzi. Kifua kikabana kama kimekazwa kwa kamba ya mkokoteni, pumzi inaingia nusu, kutoka haitoki. Nikaanguka. Ushungi ukavuka, nikawa nimelala kwenye maji yale kichwa wazi, mwanamke mtu mzima, mbele ya wachukuzi na wauza maji. Nilijua nakufa. Sisemi nilidhani. Nilijua. Na nikiwa pale chini nikamsikia mwenyekiti anawaambia watu wasogee nyuma kidogo, wasiniguse. "Mwacheni," alisema, "linatoka."

Lililotakiwa kutoka lilikuwa mkosi. Watu walikuwa wameinua simu, wanarekodi.

Haya nayaandika nikiwa mzima. Nimeshiba, nimelala vizuri, na leo asubuhi nimegombana na muuza chapati mpaka tukacheka wote wawili. Nataka msomaji alijue hilo mapema, asije akasoma akinihurumia bure. Huruma nimeshazipata, zilikuja kwenye ndoo.

Majina siandiki. Siyo kwamba nawaogopa. Binti yangu ndiye aliyeniomba, maana anaishi mjini hapahapa na anataka aendelee kupita njia zake kwa amani. Lakini kila mtu nitamtaja kwa kazi yake na kwa alichofanya. Wanaopita safu ile wanajua nani ni nani.

Sasa nirudi nyuma.

Kwa asiyefanya biashara ndogo Kariakoo, lazima nieleze jambo moja, bila hilo hataelewa. Mauzo ya kwanza ya asubuhi tunaita kufungua. Kabla hujafungua humchenjii mtu hela, humkopeshi mtu, na hupendi mtu ashikeshike vitu vyako halafu aondoke bila kununua. Mteja wa kwanza hata akikutajia bei ya kukuumiza unampa tu, ili mradi ufungue. Ile noti yake unaigusisha kwenye bidhaa zako zote kama unazibariki. Mimi mwenyewe nimefanya hivyo tangu naanza kukaa kwenye baraza lile, binti yangu yuko mgongoni bado. Noti ya kwanza naipitisha juu ya vifungo, juu ya zipu, juu ya nyuzi, kisha naificha chini ya kigoda. Kwa hiyo simcheki anayeamini kufungua. Ila nimejifunza kitu kimoja: mahali penye imani hiyo, mtu anayelia asubuhi yuko hatarini. Chozi kabla watu hawajafungua, kwenye safu yetu, lilikuwa baya kuliko mwizi. Mwizi anabeba kitu kimoja anakimbia. Anayelia, walisema, anabeba siku nzima ya watu wote.

Nami nikaanza kulia asubuhi.

Tulikuwa tumemzika mama yangu. Msibani sikulia sana. Nilikuwa na turubai la kukodi, masufuria ya kukodi, ndugu waliotoka Rufiji wa kuwalisha na kuwatafutia pa kulala. Nani alie? Ikaisha hitima, watu wakatawanyika, nikarudi barazani. Jirani wa lesi akaniambia jikaze. Mwenyekiti akaniambia jikaze. Mafundi cherehani, ambao ndio wateja wangu, kila mmoja alinipa pole, akanunua uzi wake, akaniambia jikaze mama. Nikajikaza. Mimi kujikaza najua, nimekulia humo. Mume aliondoka nikajikaza, nyumba tuliyopanga ikauzwa nikajikaza. Safari hii nilijikaza, na kitu ndani kikawa kinalegea chenyewe.

Hakikuanza kama huzuni, ndiyo maana sikukijua. Kilianza kama uchovu. Nilikuwa naamka kabla ya adhana na usingizi haurudi, na bado mwili mzito kama niliyebeba viroba usiku kucha. Chakula kikawa kama karatasi mdomoni. Kuoga kukawa kazi ya kuipangia. Halafu moyo: niko zangu kwenye kona wanakopita wachukuzi, wanapiga kelele njia, njia, jambo nililolisikia maisha yangu yote, ghafla unaanza kudunda, jasho linanitoka, nataka kukimbia na sijui nakimbia nini.

Kisha ikafuata zamu ya rangi. Kazi yangu mimi ni rangi. Fundi anakuja na kipande cha kitambaa kidogo kama ukucha, anataka uzi wa kufanana nacho, mimi nampa hata bila kusimama. Siku hiyo fundi mmoja kijana alinipa kipande cha kijani cha chupa. Nikakitazama. Nikatazama nyuzi. Macho yalikuwa mazima, kila rangi niliiona, ila hakuna hata moja iliyokuwa na maana ya kuchaguliwa. Nikampa ule ambao mkono uliufikia.

"Mama," akasema, "huu bluu."

Nikaanza kulia mbele yake. Kwa ajili ya uzi. Maskini kijana wa watu akaogopa, akaondoka na ule ule wa bluu.

Nilikwenda zahanati. Mhudumu wa pale karibu na ninapoishi alinipima akasema taifodi. Nikachomwa sindano. Nikarudi, akasema taifodi imerudi. Nikarudi tena, akasema taifodi imepungua lakini presha inanyemelea. Huyu naye namtaja: mwenye koti jeupe, kalamu tatu mfukoni, ambaye hakuwahi kuniuliza nalalaje, nakula nini, wala nani amekufa nyumbani. Aliuliza kama kuna dawa inanidhuru, basi. Nilimwambia nalia bila sababu. Akaniambia hiyo ni homa.

Basi, wakati mimi nikiwa hivyo, barabara yetu ikachimbwa. Mtaro. Shimo lilianzia kwenye kona likaja mpaka mbele ya duka la vitambaa, udongo umerundikwa, mikokoteni haipiti, bajaji haipiti, mteja anavuka juu ya ubao anayumba kama anakwenda Kigamboni bila kivuko. Mafundi wakaanza kununua mtaa wa pili. Akina mama wa lesi nao hivyohivyo. Safu nzima ikawa inashinda inapunga nzi. Mwenye macho angesema: shimo. Lilikuwa pale mbele yetu, mtu anaweza kutumbukia na mzigo wake. Lakini shimo lilikuwa la wakubwa, na wakubwa huwezi kuwamwagia maji ya chumvi. Mimi nilikuwa karibu zaidi.

Walianza kwa upole. Mwenyekiti alikuja, akachuchumaa kando ya kigoda changu, akaongea nami kama mtu na dada yake. Alisema haoni vibaya, kila mtu ana mitihani yake, ila wenzangu wanalalamika wakifika asubuhi wananikuta na machozi na kila wakijaribu kufungua inagoma. Akaomba niwe nakuja saa sita, wenzangu wakishafungua. Nikakubali. Nilimshukuru hata. Na usiulize kwa nini, maana jibu ndilo ugonjwa wenyewe: niliamini. Kilichokuwa kichwani mwangu kilikuwa kimeshaniambia siku nyingi kwamba mimi ni kitu kibaya, kwamba kila ninachogusa kinaoza, kwamba hata mama alikufa akiwa amechoka nami. Alipokuja mwenyekiti kuniambia nimefunga riziki ya safu, nilimwona kama mtu aliyesoma moyo wangu. Nikawa nakuja saa sita.

Shimo likaendelea kuwepo. Biashara ikaendelea kulala. Sasa wakasema mkosi umeshakaa kwenye baraza lenyewe, hata nisipokuwepo. Haya nimekuja kuambiwa baadaye na mchukuzi mmoja aliyekuwa pale wakizungumza. Jirani wa lesi ndiye aliyemjua mganga. Mwenyekiti ndiye aliyekwenda kuichukua dawa. Masharti yalikuwa nimwagiwe mwenyewe, asubuhi, kabla mtu yeyote hajafungua, na maji yaguse kichwa kwanza.

Jirani akanipigia simu jioni. Aliniambia shoga, kesho njoo mapema kama zamani, mwenyekiti amekuruhusu. Unajua nilifanya nini? Nilifurahi. Miezi ile furaha ilikuwa imenisahau, siku hiyo ikapita kidogo. Nilipiga pasi ushungi.

Yaliyofuata nimeshayaeleza.

Sikufa. Baada ya muda pumzi ilirudi yenyewe, kama ilivyokuwa imeondoka. Nilinyanyuka, nikaokota ushungi, nikaacha sanduku, nikatembea mpaka kwangu Ilala nikiwa nimelowa. Njiani hakuna aliyeniuliza kitu. Nikaingia chumbani nikajifunika.

Binti yangu ni msusi, ameajiriwa kwenye saluni ya watu. Alikuwa anamsuka mteja, na mteja anatazama simu, anacheka, anamwonyesha mwenzake wa kiti cha pembeni mama mmoja Kariakoo anatolewa mashetani. Binti akatupa jicho. Akaniona. Alisema aliitambua kwanza kanga, maana ni yeye aliyeninunulia. Aliacha rasta mkononi mwa mteja akatoka mbio. Mpaka leo kuna mwanamke hapa mjini aliyerudi kwake nusu ya kichwa kimesukwa, nusu nywele zimesimama. Hilo ndilo jambo pekee la siku ile linalonichekesha.

Alinikuta nimelala nimegeukia ukuta. Nilimwambia aniache, asikae karibu nami, nitamharibia kazi yake. Hakubishana. Alinivua nguo zilizolowa, akaniogesha kama mtoto, akapika uji, akaninywesha. Kisha akamwita ustadhi wa msikiti wa karibu aje anisomee, maana na yeye hakujua pa kuanzia, na majirani wa nyumba walishaanza kusema nipelekwe kwa mganga Mkuranga.

Ustadhi alikuja, akasoma. Mtu mpole, mzee kidogo, sauti ndogo. Alipomaliza aliniuliza mama yangu alifariki lini, na tangu hapo nimelala vipi. Wa kwanza kuniuliza. Nikamjibu. Akamgeukia binti yangu, akasema, "Mama yako anaumwa. Mimi nitaendelea kumwombea, na nyinyi mpelekeni hospitali. Siyo zahanati. Hospitali ya serikali, kitengo cha afya ya akili."

Neno akili likanichoma kuliko chumvi. Nilimwambia binti siendi, huko wanapelekwa vichaa, nitatoka huko nani atanunua uzi kwangu. Binti yangu akaweka mikono kiunoni. "Mama, ukivunjika mguu utampelekea fundi viatu?" Nikamwambia asiniletee ujeuri wa saluni. Kesho yake tulikwenda.

Nilitegemea nondo. Nilitegemea watu wamefungwa, wanapiga kelele. Nikakuta benchi. Benchi kama la kliniki yoyote, limechakaa pembeni, watu wamekaa wanasogea kila jina likiitwa. Mwanamke mnene na mkoba mzuri. Mwalimu, nilimjua kwa chaki kwenye suruali. Dereva wa bodaboda ameweka helmeti mapajani, anachezea mkanda wake. Nikawaza hawa wote wamekosea mlango kama mimi.

Nesi aliyeniita ndani angeweza kuwa binti yangu wa pili. Akanipa shikamoo, akavuta kiti akakaa upande mmoja na mimi, siyo nyuma ya meza. Hakuniuliza kuhusu mashetani. Aliuliza nalala saa ngapi naamka saa ngapi. Nakula? Kuna kitu nilikuwa nakipenda sasa sikipendi? Nilimwambia rangi, nikaona aibu, maana lilisikika kama jibu la mtoto. Hakucheka. Akauliza kama naona mimi ni mtu wa maana. Nikakunjakunja pindo la kanga. Kisha akaniuliza kwa sauti ileile, kama anaulizia sukari kwenye chai:

"Mama, kuna wakati umetamani usiamke?"

Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza hivyo. Nilidhani kuulizwa tu ni balaa. Nikamtazama kama kweli anataka jibu, nikaona anataka.

"Ndiyo," nikasema. "Mara nyingi."

"Asante kwa kuniambia."

Basi. Dari haikuanguka. Hakuita askari. Akaendelea kuuliza, kama nimepanga kujidhuru, kama kuna mtu nyumbani ninayeweza kumwamsha ikinizidi. Nikajibu vyote. Kuna mzigo nilikuwa nimeubeba siku zote nikidhani ni kichwa changu, nikautua pale kwenye kiti cha plastiki. Nililia, na ndicho kilio cha kwanza ambacho hakuna aliyeniambia nijikaze.

Akanieleza. Alisema ninayo sonona, na pamoja nayo hofu iliyopitiliza. Neno sonona nilikuwa silijui. Alisema ni ugonjwa kama magonjwa mengine, unampata tajiri na maskini, mswalihina na mlevi, na mara nyingi hauna sababu moja: msiba, uchovu wa miaka, shida zilizorundikana, na wakati mwingine mwili wenyewe tu. Siyo uvivu, siyo kukosa imani. Kinachosikitisha, alisema, ni kwamba ugonjwa wenyewe unamsemesha mgonjwa, unamwambia hafai, naye anaamini kwa sababu sauti ni ya kwake.

Nikamuuliza kuhusu siku ya ndoo, maana nilikuwa nimekufa. Alisema lilikuwa shambulio la hofu. Mwili unapiga king'ora kana kwamba kuna simba, moyo unakimbia, pumzi inabana, vidole vinakufa ganzi. "Linatisha sana mama, lakini haliui. Linapanda, linafika juu, linashuka lenyewe."

Lilikuwa limeshuka lenyewe kweli. Nikacheka. Binti yangu akashtuka, alikuwa hajasikia kicheko changu tangu msiba.

"Kwa hiyo mimi siyo mkosi?"

Yule nesi alivuta karatasi ya dawa. "Mkosi hatuna dawa yake hapa," akasema. "Wewe dawa yako tunayo."

Sitaki kudanganya kwamba nilitoka pale nimepona. Vidonge vilinikausha mdomo, vikanilaza kama gogo, na wiki za mwanzo sikuona faida yoyote. Nesi alikuwa amenionya kwamba vinachelewa, nisiviache katikati. Niligombana navyo. Binti akawa ananisimamia namezea chai. Kila wiki nikawa narudi kuongea, mara na yeye, mara kwenye kikundi, tumekaa mviringo. Yule wa bodaboda alikuwemo. Yeye aliona mwenzake akigongwa, tangu hapo akisikia honi anashuka kwenye pikipiki anakaa chini. Siku ya kwanza nilipoingia alinikaribisha kwa kusema, "Karibu mama. Usiogope, wenye akili wote wako humu. Huko nje ndiko kuna matatizo."

Tulifundishwa kupumua. Usicheke, mtu mzima anaweza kusahau kupumua. Unaingiza polepole, unatoa polepole zaidi, unakanyaga chini uisikie ardhi, na unataja kimoyomoyo vitu unavyoviona. Mimi nataja rangi. Nikiwa kituo cha mwendokasi moyo ukianza, nasema: koti la yule dada zambarau, ndoo ile nyekundu, kofia ya babu kahawia. Ukifika rangi ya sita hivi unakuta king'ora kimenyamaza.

Na rangi ndizo zilizoniambia nimerudi. Nilikuwa natembea tu, sina nikiwazacho, akapita mwanamke amevaa dera la haradali, ile haradali iliyoiva yenye uwekundu kwa mbali. Nikasikia sauti ndani inasema, uzi wa rangi hiyo ninao, uko upande wa kushoto chini ya ule wa machungwa. Nilisimama katikati ya njia. Mchukuzi akanitukana, mama toka, unataka nikubebe na wewe? Nikamwambia nibebe baba, leo nibebe popote. Nilikuwa nalia na nacheka. Jioni ile nilikula wali na maharage, nikaongeza, na maharage yalikuwa na ladha ya maharage.

Nilirudi kwenye safu. Mtaro ulikuwa umeshafukiwa, mikokoteni inapita, biashara imechangamka, na kila mtu ananieleza kwamba dawa ilifanya kazi. Kwenye nafasi yangu alikuwa amekaa shemeji yake mwenyekiti, mdogo wa mkewe, anauza vifuniko vya simu. Sanduku langu la vifungo walikuwa wameliweka stoo kwa mwenye duka, ndani ya mfuko wa salfeti, limefungwa kwa kitambaa chekundu ili lisiambukize. Jirani wa lesi hakuniangalia. Alijifanya anakunja sidiria, akawa anakunja ileile moja.

Sikupigana. Nilichukua sanduku langu, nikakifungua kile kitambaa palepale, nikakitupa. Nikavuka kwenda mtaa wa Gerezani, kwa mafundi wanaoshona viti vya magari. Hawa wanataka nyuzi nene na zipu ndefu, na midomo yao michafu kama gereji yenyewe, lakini hawajali nani amefungua nani hajafungua. Wamenipa kona kwenye kivuli cha karakana. Siku za mwanzo niliwaambia ukweli wangu, kwamba naumwa sonona na natumia dawa, wakitaka kunifukuza wanifukuze leo. Fundi mkubwa akaniuliza kama dawa hizo zinazuia kuuza uzi. Nikamwambia hapana. Akasema basi nimpunguzie bei.

Sasa wanakuja watu. Hawaji mchana kweupe, wanazungukazunguka kama wanatafuta zipu. Mama eti kuna dada yangu halali. Mama eti kuna mwanangu amekaa kimya. Najua ni wao wenyewe wengi wao. Nawaelekeza kitengo kilipo, nawaambia kuna benchi, nawaambia wataulizwa maswali na hawatafungwa. Wengine wanarudi kunishukuru, na mimi huwa najisikia kama niliyefungua upya.

Ningeishia hapo kama ningekuwa mtu mwema. Lakini wiki iliyopita mwenyekiti alikuja Gerezani.

Nilikuwa nimepeleka malalamiko serikali ya mtaa, nikaambiwa haya ni mambo ya kijirani, mkamalizane. Yeye akawa amesikia. Akaja na doti ya kanga ndani ya mfuko, mpya, rangi ya damu ya mzee. Alisalimia mafundi, akakaa kwenye tairi, akanipa pole ya kuumwa. Aliongea sana. Alisema yeye ni kiongozi, alibanwa na watu, na nia ilikuwa kunisaidia, na kwanza si unaona umepona, na vijana waliorekodi siyo yeye aliyewatuma. Akanisogezea ule mfuko.

"Yaishe, dada yangu."

"Yataishaje na hujaniambia yalianzaje?"

"Sasa nikwambie nini zaidi? Nimekuja mpaka hapa."

"Niambie kwa nini hukuniuliza."

Alitazama saa. Akasema ana mzigo unashushwa, tutaongea. Nikamrudishia kanga yake, akaondoka nayo.

Yule wa zahanati ameshahamishwa, sijui kama anachoma wengine sindano za taifodi. Jirani wa lesi nimemwachia Mungu, maana nikimwona bado naumia kuliko ninavyokasirika. Lakini wewe mwenyekiti sijakuachia mtu yeyote. Hukuwa mgonjwa wewe, mimi ndiye niliyekuwa mgonjwa. Ulikuwa na macho yako mazima, na shimo lilikuwa mbele yako, na nilikuwa nimekaa palepale siku zote, tena ulishachuchumaa kando yangu, ulikuwa karibu kiasi cha kuniuliza dada unaumwa nini. Mdomo wako ukaomba niondoke, mkono wako ukashika ndoo.

Kanga sitaki. Na nafasi yangu mwachie shemeji yako, nimeshapata pengine. Ninachotaka ni usimame kwenye baraza lile asubuhi, safu nzima ikiwepo, kabla hajafungua hata mmoja, uwaambie kwa kinywa chako kwamba yule mwanamke hakuwa mkosi, alikuwa anaumwa, na kwamba wewe ulimmwagia maji mgonjwa. Halafu nijibu mbele yao: nani alikupa ruhusa ya kunigusa?

Nitakuja kusikiliza. Taja siku.